Baba alimbariki kaka yangu, mimi sikuwepo

Mwezi huu barua zenu nyingi zimegusa jambo moja: ahadi za Mungu kwa vizazi, na baraka au laana tunazodhani tumezirithi kwa wazazi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilohilo na hawajapata ujasiri wa kuliandika.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Siku aliyozidiwa nilikuwa Dar es Salaam kwenye kibarua cha ujenzi. Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Baba alimwekea mkono kichwani, akamtemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akamwambia ng'ombe wako watazaa na watu watakuheshimu. Mimi nilifika siku ya kuzika. Tangu hapo mambo ya kaka yanakwenda vizuri. Ekari yangu moja ya zabibu inakauka mstari kwa mstari, na mke wangu mimba imetoka mara mbili. Mtumishi mmoja ameniambia mbaraka wa baba ulishachukuliwa kama wa Esau, mimi nimebaki na laana ya ukoo, na nitoe sadaka ya kujikomboa shilingi laki tatu. Hela sina, ila nafikiria kuuza mbuzi. Je, ni kweli mbaraka ukishakwenda kwa mwingine hakuna njia tena?*
*Msomaji, Hombolo*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na mkeo. Msiba wa baba na mimba mbili ndani ya muda mfupi hivyo ni mzigo mzito, na anayekuja mlangoni kwa mtu wa namna hiyo kudai laki tatu amechagua saa mbaya ya kuja. Mbuzi usiuze. Nitakueleza kwa nini, lakini hilo la mbuzi lishike kwanza.

Umeambiwa wewe ni Esau. Basi tumsome Esau mpaka mwisho wake, maana wengi wanaoihubiri Mwanzo sura ya 27 huishia pale anapolia. Isaka ni mzee, haoni. Yakobo amevaa nguo za kaka yake na kujifunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, mzee anampapasa, anambariki. Anampa nini? Umande wa mbinguni, manono ya nchi, wingi wa nafaka na mvinyo, na ubwana juu ya ndugu zake. Si vitu vidogo. Sisi wa Dodoma, tunaotazama mawingu kuanzia Desemba na kuomba yasitupite, tunajua vizuri umande na nafaka ni nini. Tena mwishoni Isaka anatamka kwamba atakayemlaani alaaniwe na atakayembariki abarikiwe, maneno yanayotukumbusha yale Ibrahimu aliyoambiwa. Lakini ile ahadi yenyewe ya Ibrahimu, ya nchi na ya uzao, hutaikuta pale kwenye giza na ngozi za mbuzi. Fungua sura inayofuata, aya ya 3 na ya 4. Isaka anamwita Yakobo waziwazi, anajua anasema na nani, hakuna ngozi wala mchuzi, ndipo anamwombea mbaraka wa Ibrahimu, yeye na uzao wake, wairithi nchi. Kisha usiku mmoja, njiani, kijana amelala na jiwe chini ya kichwa, Mungu mwenyewe anamtokea na kuirudia ahadi kwa kinywa chake. Na nyuma kabisa, kabla mapacha hawajazaliwa, Rebeka alikuwa ameshaambiwa kwamba mkubwa atamtumikia mdogo.

Kwa hiyo Yakobo aliiba kitu, ni kweli, na alilipa. Alikimbia nyumbani, akamtumikia Labani miaka 20, akapewa Lea badala ya Raheli katika usiku ambao yeye naye hakuona vizuri, na uzeeni wanawe wakamdanganya kwa damu ya mbuzi kwamba Yusufu ameliwa na mnyama. Aliposimama mbele ya Farao akasema miaka yake 130 imekuwa michache, tena mibaya. Huyo ndiye aliyebarikiwa! Ahadi ya Mungu hakuiiba. Ahadi haiibiki, kwa sababu mwenye kuitoa haoni kwa kupapasa.

Na Esau? Kwanza, Esau alikuwa ameuza. Mwanzo 25 inasema alitoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na dengu, akala, akanywa, akaondoka zake. Akaudharau urithi ule. Ndilo jambo ambalo Waraka kwa Waebrania unamlaumu kwalo. Wewe hukuuza kitu, mwanangu. Ulikuwa unabeba zege ili watu wa nyumbani kwako wale. Usikubali mtu akuvike kosa la dengu ambazo hukuzila.

Pili, Esau alilia akamwuliza baba yake, "Una mbaraka mmoja tu, babangu?" Swali hilo nalipenda kuliko maswali mengi ya Biblia. Isaka alijibu kwa maneno machache na magumu, lakini alijibu. Na angalia kilichofuata. Miaka ilipopita, Yakobo anarudi anatetemeka, anatanguliza mbuzi, ngamia na punda wawe zawadi ya kumtuliza kaka yake. Esau anakuja na watu 400, anamkimbilia, anamkumbatia shingoni, na kuhusu zile zawadi anasema, "Ninayo tele, ndugu yangu." Sura ya 36 yote ni ya uzao wake, majumbe na wafalme waliotawala Edomu kabla Israeli hawajawa na mfalme hata mmoja. Na ukifika Kumbukumbu la Torati sura ya 2, Mungu anawaonya Israeli wapitapo mpakani kwa wana wa Esau wasiwachokoze, kwa maana hatawapa katika nchi ile hata mahali pa kukanyaga unyayo. Mlima Seiri amempa Esau uwe milki yake. Huyo ndiye unayeambiwa alibaki mikono mitupu. Mungu alimlindia mpaka wake wa shamba.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa haoni miaka yake ya mwisho. Jioni, kabla hatujalala, alitupanga mstari kwenye kibaraza, akapitisha mkono juu ya kila kichwa, akishuka mpaka sikioni na kulivuta kidogo, huku akisema maneno yake kwa Kigogo. Jioni moja mtoto wa jirani alikuja kuomba kaa la moto kwa ajili ya jiko la kwao, akakuta tumepangwa, akasimama mwisho na kigae chake mkononi. Bibi akapita, akamshika kichwa, akamvuta sikio, akamsemea maneno yaleyale yote. Kaka yangu akakasirika: "Bibi, huyo si wa kwetu!" Bibi akauliza, "Kwani yenu imepungua?" Akaendelea na kazi yake. Mtoto akaondoka anapuliza kaa lake.

Sasa la laana, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi. Amri Kumi zinasema Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Sitaificha aya hiyo. Lakini isome yote: ni kizazi cha tatu na cha nne cha "wanichukiao", na papo hapo inasema huwarehemu "maelfu elfu wanipendao". Pima mwenyewe upande upi umeachiwa kamba ndefu. Karne nyingi baadaye watu wa Yuda walipochukuliwa utumwani Babeli, walikuwa na msemo wao ambao mkulima wa zabibu ataushika haraka: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Walimaanisha, sisi tunaumia kwa makosa ya waliotutangulia, tufanyeje? Mungu akamwambia Ezekieli wauache msemo huo. Sura ya 18 yote ni jibu lake: roho zote ni mali yangu, ya baba na ya mwana, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wewe uliyewahi kuuma zabibu isiyoiva unajua ganzi ile hukaa kwenye meno ya aliyeuma.

Na kama unataka kuona laana halisi ya baba halisi, Biblia inayo. Yakobo akiwa kitandani, katika Mwanzo 49, aliilaani hasira ya Simeoni na Lawi kwa sababu ya mauaji ya Shekemu, akasema atawagawa na kuwatawanya katika Israeli. Maneno ya baba anayekufa, mbele ya ndugu wote. Wewe hukusemewa hata moja la namna hiyo. Je, yalitimia? Yalitimia. Kabila la Lawi halikupata nchi ya kwake, lilitawanywa. Lakini tazama jinsi lilivyotawanywa: siku ya ndama wa dhahabu Musa aliposimama langoni mwa kambi na kuuliza ni nani aliye upande wa BWANA, wana wa Lawi ndio waliomwendea, na tangu hapo wakatengwa kulichukua sanduku la agano, kuhudumu, na kubariki kwa jina la Mungu. Katika Yoshua 21 wanapewa miji 48 katikati ya makabila yote. Kutawanyika kulekule kulikotamkwa kama adhabu kukawa ndiyo njia ya kila kabila kuwa na watu wa kulifundisha na kulibariki. Musa na Haruni wametoka katika ukoo huo. Na hakuna mahali panapoonyesha kwamba Lawi alilipia ili afunguliwe.

Ndiyo maana nasema kuhusu ile laki tatu: hapana. Naamani alikuja kwa Elisha na fedha, dhahabu na mavazi, akapona, na nabii akakataa kuchukua hata kitu kimoja. Gehazi, mtumishi wake, aliyekimbia nyuma ya gari kwenda kuzidai, akaishia na ukoma. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Toa sadaka kanisani kwako kama ulivyozoea, kwa shukrani. Lakini mtu anayekutajia bei ya kutoka kwenye laana anauza kitu ambacho hana.

Ufanye nini basi? Zabibu zinazokauka mstari kwa mstari ni kazi ya bwana shamba. Chimba mche mmoja uliokauka na mwingine unaoanza kunyauka, uangalie mizizi kama imeshikwa na mchwa, kisha uchukue na majani yake upeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI pale Makutupora. Wao kazi yao ni zabibu. Mkeo mpeleke kwa daktari wa akina mama hapo mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa au ya Benjamin Mkapa, na nendeni wote wawili, asikae kwenye benchi peke yake. Nauli ya safari hizo ndiyo inayostahili huyo mbuzi, ikilazimu.

Halafu nenda kwa kaka yako. Hukuandika kwamba ana ubaya na wewe. Mwambie, "Kaka, baba alikuwekea mkono, mimi sikuwepo. Niwekee na wewe." Ibrahimu hakuambiwa atabarikiwa tu akae nayo; aliambiwa "nawe uwe baraka". Kaka akiukataa mkono wake, mama yako yupo? Baba mdogo? Mzee wa kanisa? Na hata wote wakikosekana, Yule aliyesema na Yakobo juu ya jiwe hakusubiri mzee yeyote awepo.

*Mwalimu, mbukwenyi. Mimi ni mjane wa Kongwa, nina mabinti wanne, mtoto wa kiume sina. Shemeji yangu anasema ahadi ya Mungu hupita kwa wanaume ndiyo maana tunasema Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, kwa hiyo mbaraka wa marehemu mume wangu umerudi kwao pamoja na shamba la mtama. Wifi zangu nao wanaitikia. Biblia inasemaje?*
*Mama wa wanne, Kongwa*

Mdogo wangu, mbukwa. Shemeji yako ametaja majina matatu akaruka wanawake waliosimama katikati ya majina hayo. Ibrahimu alikuwa tayari na mtoto wa kiume, Ishmaeli, akamwomba Mungu huyo amtoshe. Mungu akasema hapana, Sara ndiye atakayezaa, nami nitambariki yeye, naye atakuwa mama wa mataifa. Ahadi ilimsubiri mwanamke. Rebeka, siku anaondoka kwao kwenda kuolewa, alibarikiwa na ndugu zake awe mama wa maelfu, na neno la Mungu juu ya mapacha lilikuja kwake, si kwa Isaka. Hata Hajiri, kijakazi mgeni, mjamzito, amekaa kwenye chemchemi jangwani amekimbia mateso, aliambiwa na malaika kwamba uzao wake utazidishwa usihesabike.

Lakini kesi yako hasa iko katika Hesabu sura ya 27, na ningependa uisome kwa sauti siku shemeji akija. Selofehadi alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake walikuwa watano, na Biblia imewaandika majina wote: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Walikwenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu hakuwa na mwana. Wakasema, tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Musa hakujibu kwa kichwa chake, akalipeleka neno lao mbele za BWANA, na BWANA akasema wamenena sawa. Kisha ikawa sheria kwa Israeli yote: mtu akifa bila mwana, urithi uende kwa binti; ndugu zake waliume wanafuata ikiwa hana binti. Isome tena hapo. Shemeji yako yuko nyuma ya wanao, mbele hayupo. Baadaye, sura ya 36, wazee wa kabila walilalamika kwamba shamba litahama binti wakiolewa kwingine, ikaamuliwa waolewe ndani ya kabila lao. Nakwambia hili kwa sababu shemeji naye anaweza kuwa anaisoma Biblia. Lakini hata hapo shamba lilibaki la mabinti, na Yoshua 17 inaonyesha walipewa kweli.

Na la duniani pia usiliache. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Nenda ofisi ya kijiji na karatasi zako, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tafuta msaidizi wa kisheria. Na mirathi ifunguliwe mahakama ya mwanzo, usikubali ikagawiwa kwenye kikao cha ukoo peke yake huku wewe umekaa jikoni unapika chai ya wageni. Wakati unasubiri, endelea kulima. Shamba lililolimwa na mjane ni gumu kulichukua kuliko lililoota majani.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, nasoma jarida hili kwa jirani yangu. Tunapozungumza yeye husema baraka zote ni za Isaka. Nataka kujua tu Biblia yenu inamsemaje Ismaili.*
*Dada wa Kondoa*

Waalaykum salaam dada yangu. Inamsema vizuri, na jirani yako aisome. Mwanzo 17 aya ya 20, Mungu anamwambia Ibrahimu kuhusu Ishmaeli: nimekusikia, nimembariki, atazaa maseyidi 12, nami nitamfanya taifa kubwa. Ni kweli aya inayofuata inasema agano litathibitishwa kwa Isaka, na hapo ndipo imani zetu zinapoachana, sitajifanya hazijaachana. Lakini mtoto alipokuwa anakufa kwa kiu nyikani, Mungu aliisikia sauti yake palepale alipo, akamfumbua mama yake macho akaona kisima, na maandiko yanasema Mungu alikuwa pamoja na kijana huyo. Na Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Ndugu wawili, kaburi moja la baba.

Jirani yangu mmoja Mwislamu aliwahi kunionyesha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 124, kwamba Nabii Ibrahim alipoambiwa atafanywa kiongozi wa watu aliuliza, na katika kizazi changu pia? Akajibiwa kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu haiwafikii madhalimu. Nililifurahia sana jibu hilo, kwa sababu Yohana Mbatizaji naye aliwaambia watu wa wakati wake wasijivunie kusema tunaye baba, ndiye Ibrahimu. Mungu aweza kumwinulia Ibrahimu watoto hata katika mawe. Mkikaa tena barazani, zungumzeni hayo.

*Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha sita hapa Dodoma mjini. Mwenzetu bwenini amesema sisi Waafrika tuna laana ya Hamu mwana wa Nuhu ndiyo maana tuliuzwa utumwani. Nilikosa la kumjibu.*
*Mwanafunzi*

Marahaba mjukuu wangu. Mjibu hivi: fungua Mwanzo 9, uniwekee kidole mahali Hamu alipolaaniwa. Hatapaona. Nuhu alilewa, akalala uchi hemani, Hamu akamwona na kwenda kuwasimulia nduguze. Nuhu alipoamka akamlaani Kanaani. Hamu alikuwa na wana wanne, Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na aliyetajwa ni huyo mmoja. Mipaka ya Wakanaani imeandikwa sura ya 10: kutoka Sidoni mpaka Gaza. Hiyo si Afrika. Aliyehusishwa na nchi za kusini mwa Misri ni Kushi, na juu yake hakuna laana hata nusu. Zaburi ya 68 inasema Kushi itamnyoshea Mungu mikono yake. Tena aliyelaani ni Nuhu akiamka kwenye divai yake. Mungu mwenyewe alikuwa ameshasema lake mwanzoni mwa sura hiyohiyo, aya ya kwanza: akambariki Nuhu na wanawe, wote.

Tafsiri ile ya laana ilishikiliwa na watu waliokuwa na faida katika biashara ya watumwa, hasa kule Marekani, wakaitafutia aya. Misafara ya pembe na watumwa imepita hapahapa Ugogo ikielekea Mpwapwa na Bagamoyo. Waliofungwa minyororo katika njia ile walifungwa na watu wenye bunduki na tamaa ya fedha. Ukimwambia mtoto wa Kiafrika kwamba Mungu ndiye aliyefunga, umemsingizia Mungu. Sema hivyo bwenini, kwa upole lakini bila kumung'unya.

*Mama mwenzangu, sina elimu. Mjukuu wangu anakwenda chuo Dar es Salaam mwezi ujao, wa kwanza katika ukoo wetu. Nataka nimbariki kabla hajaondoka. Nisemeje ili iwe sahihi?*
*Bibi wa Mvumi*

Hongera mama! Wa kwanza katika ukoo, na unaliandika kwa sauti ya chini hivyo?

Paulo alipoitazama imani ya Timotheo aliifuatilia nyuma, akasema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Elimu ya Loisi haikuandikwa. Kwa hiyo usihofu. Sahihi yako ni kwamba wewe ni bibi yake na unamwamini Mungu.

Yakobo alipowabariki wajukuu wake, wana wa Yusufu, aliwavuta karibu, akawabusu, akawakumbatia, ndipo akaweka mikono. Fanya hivyo. Mwite jina lake lote. Mtajie waliomtangulia, babu yake, na huyo mama yake aliyefunga virago vya shule, na jinsi Mungu alivyowavusha miaka ya njaa. Zaburi ya 78 inasema tusiwafiche watoto habari hizo, waje wawasimulie watoto wao. Kisha mwambie neno moja lake yeye peke yake, la tabia yake unayoifahamu wewe. Yakobo hakuwasemea wanawe 12 maneno ya aina moja.

Ukitaka maneno ya kufungia, tumia yale ambayo Haruni na wanawe waliambiwa wawabariki nayo Israeli, katika Hesabu 6: "BWANA akubarikie, na kukulinda, BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, BWANA akuinulie uso wake, na kukupa amani." Mjukuu mwenyewe anaweza kukusomea mara chache wiki hii mpaka uyashike. Ukitaka kuyasema kwa Kigogo, yaseme kwa Kigogo, ndiyo lugha uliyomlea nayo.

Na umbariki jioni, siku moja kabla ya safari, si stendi wala kituo cha treni. Pale mtakuwa mnahesabu mabegi.